Skrini ya Inchi Ishirini na Moja

Mtaa mzima ulimwita Chogo, na jina hilo halikutokana na kichwa chake. Kichwa chake kilikuwa cha kawaida kabisa. Lilitokana na televisheni yake, ile ya zamani yenye mgongo mrefu, inchi ishirini na moja, ambayo kuihamisha kulihitaji wanaume wawili walioelewana. Wenzake walishatupa za kwao miaka mingi iliyopita. Yeye ya kwake aliipangusa vumbi kila Ijumaa, na ole wake mtu aweke kikombe juu yake.

Na msimcheke, alikuwa na haki. Kabla hajawa dereva wa basi la shule, Chogo aliuza televisheni dukani miaka sita. Mteja akiingia na kelele zake za kutaka kubwa, yeye anamuuliza kwanza, kutoka kochi hadi ukutani ni hatua ngapi? Dirisha liko wapi? Unaangalia taarifa ya habari au unacheza gemu? Alijua skrini ipi inaonyesha weusi ukawa weusi kweli, ipi inaacha kivuli nyuma ya mpira, ipi inachelewa ukibonyeza kitufe. Kwa hiyo akisema skrini hii haifai, watu wazima walinyamaza wakamsikiliza.

Watu wazima wenyewe walikuwa watatu. Fundi, ambaye alikuwa fundi umeme na rafiki yake tangu wanavaa kaptula. Mwalimu, wa hesabu, mtu wa kuandika kila kitu daftarini, hata mvua ikinyesha anaandika saa. Na Kinyozi, mwenye mdomo usio na mlango. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walicheza gemu ya mpira, wawili kwa wawili, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu, na waliofungwa wanaosha vikombe. Mwaka wa nne huo, na wake zao walishachoka kulalamika.

Sasa ngoja nikuambie jambo lenyewe mapema, sitaki ukae unabahatisha. Chogo alikuwa haoni pembeni.

Mbele aliona vizuri tu, sindano angeitia uzi bila miwani. Lakini kulia kulikuwa kunafifia, na kushoto ndiko kulikofungwa kabisa. Mwezi wa tatu alikwenda kwa daktari wa macho kwa sababu alikuwa anajigonga kwenye milango ya nyumba yake mwenyewe. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akamwambia ni presha ya macho, imekaa muda mrefu kimyakimya. "Kilichokwenda hakirudi, baba. Matone haya yatalinda kilichobaki. Na usukani uuache leo." Chogo akasema sawa daktari, ahsante daktari. Akatoka, akapanda basi lake, akaenda kuwachukua watoto thelathini na wawili kuwarudisha makwao.

Alisema ataacha mwisho wa wiki. Kisha akasema mwisho wa mwezi. Kwa mkewe alisema matone ni ya vumbi, na mkewe akaamini, au alijifanya kuamini. Lile duka la televisheni lilishafungwa. Kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuiona inakotoka. Lakini tuseme ukweli, hilo halikuwa kubwa. Chogo aliogopa. Aliogopa kuwa mtu wa kushikwa mkono kuvuka barabara, na uoga huo ulimkaa kifuani asubuhi na jioni, akaendesha nao. Kila siku iliyopita salama ikawa sababu ya kuendesha kesho yake.

Mbinu yake ilikuwa matroni wa basi. Alimwambia, "Dada, kuanzia leo tuna utaratibu wa usalama. Kabla sijaondoa gari, wewe unasema kushoto kweupe, kulia kweupe." Dada wa watu akafanya hivyo kwa moyo wote, kila kituo, kwa sauti ya juu, na watoto wakaigeuza wimbo. Mwalimu mkuu, mama mmoja mchangamfu, aliposikia alifurahi mno. Akamsimamisha Chogo mbele ya wazazi, akampa cheti cha Dereva Makini, watu wakapiga makofi. Chogo alipokea cheti kile ameinamisha macho, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Na matroni alikuwa mjamzito. Jumatatu inayofuata alikuwa anaanza likizo ya uzazi, na wa kumshikia nafasi angepatikana mwezi ujao. Jumatatu hiyo Chogo angekuwa peke yake na watoto thelathini na wawili, na kushoto kusikokuwepo.

Turudi kwenye gemu, maana huko ndiko siri ilikoanza kuchungulia.

Kwenye skrini yake ndogo Chogo alikuwa moto. Uwanja wote, golikipa kwa golikipa, uliingia kwenye kile kidirisha alichobakiwa nacho machoni, hata ile ramani ndogo ya chini inayoonyesha wachezaji kama vidoa. Hapo humfungi. Lakini Mwalimu alikuwa na televisheni bapa ya inchi sitini na tano, zile ambazo kila nukta inajiwashia taa yake, usiku wa ndani ya gemu unakuwa usiku kweli. Na Fundi alifunga projekta kwenye dari, picha ikajaa ukuta mzima. Huko Chogo aliteseka. Mshambuliaji alikuwa anatokea pembeni hewani tu, mara yuko golini, mara wavu umetikisika.

Angesema nini? Akasema anachokijua.

"Projekta yako inachelewa, Fundi. Nabonyeza leo, mtu anapiga kesho."

Fundi masikini akanunua nyingine yenye kasi. Chogo akasema sasa tatizo ni mwanga, dirisha linakula rangi. Fundi akatundika mapazia mazito mpaka chumba kikawa pango la joto, wanaume wanne wanatoka jasho saa nane mchana. Kwa Mwalimu alisema televisheni haijawekwa kwenye hali ya gemu. Ikawekwa. Akasema sasa imekaribiana mno na kochi. Kochi likasogezwa mpaka mlango wa jikoni ukawa haufunguki, mke wa Mwalimu akawa anapitisha chai dirishani. Kila neno alilosema lilikuwa kweli kwa mtu mwingine, kwenye sebule nyingine. Wenzake walimpenda, wakamwamini, wakazidi kununua na kuhamisha, na kila walivyomsaidia skrini zilizidi kuwa kubwa na yeye akazidi kubanwa.

"Tatizo la teknolojia mpya," alikuwa anasema, "ni kwamba imesahau mchezaji."

"Andika hiyo, Mwalimu," Kinyozi alijibu. "Tutaichonga kwenye kaburi lake."

Basi ikafika Jumamosi ile, siku mbili kabla ya Jumatatu. Mtaa ulikuwa unaandaa ligi yake, timu nane, na wao wanne walitakiwa kuchagua nyumba moja ya kuchezea. Fundi akatoa wazo. Badala ya kubishana, skrini zote tatu, maana Kinyozi hakuwa na ya maana, zipelekwe kwa Mwalimu, zipimwe, iliyo haraka kuliko zote ndiyo itumike. Alikuwa ameshafanya maandalizi, tena kwa ajili ya Chogo. Alitaka kuuthibitishia mtaa kwamba rafiki yake alikuwa sahihi siku zote.

"Leo tunawaziba midomo, kaka," alimwambia walipokuwa wanabeba ile televisheni ya mgongo, Fundi akitangulia kinyumenyume. "Ngazi hiyo, kushoto kwako. Kushoto! We vipi?"

"Nimeiona," alisema Chogo, akiwa ameshajikwaa.

Sebuleni kwa Mwalimu mapazia yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya projekta. Televisheni bapa ukutani, televisheni ya mgongo juu ya stuli, projekta juu ya rundo la vitabu vya hesabu ikiangaza ukuta wa pili. Waya zimetambaa sakafuni kila upande. Chogo alikaa katikati ya kochi, Kinyozi kulia, Fundi kushoto kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. Hewa ilikuwa nzito. Alitamani mtu afungue dirisha, lakini ni yeye mwenyewe aliyewafundisha kulifunga.

Kipimo cha Fundi kilikuwa rahisi, na hapo ndipo kilipokuwa kibaya. Aliunganisha balbu ndogo kwenye kitufe cha padi ya kuchezea gemu. Ukibonyeza, balbu inawaka papo hapo, na mchezaji kwenye skrini anapiga mpira baadaye kidogo. Kinyozi ana simu ya kurekodi polepole, ile anayorekodia mitindo ya nywele. Inachukua picha mia mbili na arobaini kwa sekunde. Unahesabu picha kuanzia balbu hadi mguu wa mchezaji, basi, umepata ucheleweshaji wa skrini. Hakuna wa kubishana na picha.

Walibonyeza, wakarekodi, Mwalimu akahesabu, akarudia, akarudia tena.

"Bapa yangu, picha kumi na nane," akasoma. "Projekta, ishirini na sita. Ya mgongo..." Akasogeza daftari karibu na macho. "Thelathini na moja."

"Rudia," akasema Fundi.

"Nimerudia mara tatu."

"Haiwezekani. Ya mgongo haicheleweshi kitu, kila mtu anajua."

"Yenyewe haicheleweshi," akasema Chogo taratibu, kwa sababu muuza televisheni ndani yake alishindwa kunyamaza. "Ni kile kiboksi. Mashine mpya ya gemu haina tundu la waya za rangi tatu, kwa hiyo nimeweka kiboksi cha kubadilisha picha. Kinakula muda."

Alipomaliza kusema ndipo alipoelewa alichosema. Alikuwa analijua jambo hilo siku zote.

Kinyozi akacheka mpaka akashika mbavu. "Yaani mzee ametuzungusha miezi mitano! Fundi amenunua projekta, Mwalimu anakunywa chai ya dirishani, kumbe mwenye skrini ya konokono ni yeye! Chogo, wewe ni jambazi." Fundi naye akaanza kucheka, na Chogo akacheka nao kwa nguvu, akiomba moyoni kicheko kiendelee hadi jioni.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anafunua daftari.

"Kuna kitu sikielewi," akasema. "Mtu anacheza vizuri kwenye skrini ya polepole na vibaya kwenye ya haraka. Hiyo hesabu haikai. Nimekuwa nikiandika magoli yote mliyofungana. Kwa Fundi na kwangu Chogo amefungwa magoli arobaini na moja. Thelathini na nane yameanzia pembeni. Ishirini na tisa, kushoto."

"Sasa wewe unaandika magoli ya watu ya kazi gani?" akauliza Kinyozi, bado anapangusa machozi.

"Naandika kila kitu. Kwenye skrini ndogo amefungwa sita, na hakuna hata moja la pembeni." Akafunga daftari, akasimama, akasogea hadi pembeni ya bega la kushoto la Chogo. "Chogo, tazama televisheni. Usigeuke. Nimeinua vidole vingapi?"

Chogo alitazama mbele, akaona televisheni yake kwenye stuli, safi kabisa, hata vumbi la kwenye vitufe aliliona. Kushoto hapakuwa na giza. Giza angeliona. Hapakuwa na kitu, kama mtu anavyotazama kwa kisogo chake.

"Mwacheni bwana," akasema Fundi. "Mtu akifungwa magoli tu mnamfanyia mtihani?"

Njia ilikuwa hapo, Fundi ameifungua. Angesema nimechoka, angesema upuuzi huu, angesimama akanywe maji. Lakini Chogo alijibu haraka, kwa sababu miezi mitano alikuwa amejizoeza kujibu haraka.

"Vitatu."

Kinyozi aliacha kupangusa machozi.

"Sijainua mkono," akasema Mwalimu. Halafu akasema kwa sauti ndogo zaidi, na ilionekana hakutaka kusema. "Fundi. Binti yako anapanda basi gani?"

Chogo aliinamisha kichwa. Aliangalia miguu yake na waya zilizopita katikati yake. Binti wa Fundi alikuwa darasa la kwanza, na kila asubuhi alipopanda alimsalimia, shikamoo baba mkubwa, naye akaitikia sauti bila kuuona uso.

"Tangu lini?" akauliza Fundi.

"Mwezi wa tatu."

"Umejua tangu mwezi wa tatu?"

"Daktari aliniambia niache siku ileile."

Fundi hakuuliza tena. Chogo akajua kwamba akiinuka sasa hivi akatoka bila kufanya jambo, Jumatatu atawasha gari. Alijijua. Atapata sababu. Atawaambia watoto wakubwa waimbe kushoto kweupe wenyewe. Ameshafikiria hata hilo, Mungu amsamehe.

Akatoa simu mfukoni, akabonyeza namba ya mwalimu mkuu, akaiweka sauti ya juu ili wasikie wote. Ikaita sana. Balbu ya Fundi ilikuwa imebaki inawaka kwenye padi, na mashine ya gemu ikawa inapiga muziki wake wa kusubiri.

"Dereva wetu makini!" sauti ya mama yule ikajaa sebuleni. "Habari za Jumamosi? Usihofu, nimepata habari za matroni, ni wiki tatu tu utavumilia peke yako."

"Mama, sitaendesha Jumatatu."

"Unaumwa?"

"Sioni pembeni. Sijaona tangu mwezi wa tatu. Ule utaratibu wa kushoto kweupe ulikuwa ni kwa sababu sioni."

Waliisikia pumzi ya mama yule simuni.

"Wazazi walipiga makofi," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Mimi niliwaambia wapige makofi. Funguo ziletwe leo. Zilete kwa miguu." Akakata.

Chogo akaiweka simu chini. Alidhani atajisikia ameanguka. Badala yake alijisikia mwepesi, na wepesi ule ulimtia aibu, akajua bado kuna kimoja. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na mwenyewe wa kuambiwa alikuwa hapo kushoto, kwenye kiti cha mbao. Hakuthubutu kumgeukia. Aliyakazia macho magoti yake akasema.

"Fundi, ndugu yangu. Nimeacha, umesikia mwenyewe. Lakini usiseme umenisamehe kabla hujasikia hili. Jumanne, kituo cha kwenu, kalamu ya binti yako ilianguka, ikabingirika mbele ya gurudumu la kushoto. Akainama kuiokota. Matroni alikuwa amesharudi kukaa, ameshaimba kweupe. Mimi nikaachia breki. Gari lilianza kwenda, Fundi. Lilikwenda. Mtoto wa nyuma ndiye aliyepiga kelele. Nilishuka nikamkuta bado ameinama, ananicheka, ananionyesha kalamu yake. Mkono mzima usingepita kati yake na tairi. Nikamwambia asikusumbue nyumbani na mambo madogo. Nilimfundisha mwanao akufiche. Jioni ile ulinipigia simu kuniuliza habari za projekta, nikakujibu mwanga, mwanga ndio tatizo. Nipige, Fundi. Nitukane. Sema lolote tu."

Akangoja. Kushoto hakukutoka sauti. Akangoja tena, mikono imefumbatana, akifikiri kwamba rafiki yake analia, au anatafuta neno.

Kinyozi akamwekea mkono begani, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na utani mdomoni.

"Kaka," akasema, "Fundi ameshaondoka. Alitoka ulipokuwa unabonyeza namba."